Sita, Halafu Nane

Chuo Kikuu, Jengo la Zamani, Chumba 14
3 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yako Chiriku, na kwamba goti limeacha kugombana na ngazi za ofisi yako. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na nguo nafua mwenyewe. Nayataja yote matatu kwa sababu ndiyo unayoyauliza kila mara. Barua yako namba themanini na nane ilifika Jumatatu. Nimeiweka kwenye boksi pamoja na wenzake, na kama kawaida nimelitazama lile pengo la mwanzo. Miaka kumi na miwili unaniandikia kwa namba, na mpaka leo sijaiona namba moja. Posta ya mwaka ule ina deni langu.

Sasa kaa chini. Wamenipa mpango.

Si kuusaidia, si kubeba viti na kugawa kalamu kama miaka minne hii. Kuuongoza. Mama aliyeuanzisha amestaafu, na Alhamisi Mkuu wa Kitivo aliniita, akasukuma ufunguo juu ya meza na kusema, "Haya, ni wako." Ufunguo umefungwa kamba ya kiatu. Nilitoka mle ndani nikitembea kama mtu mzima, na nilipofika nyuma ya maktaba nikaruka juu mara tatu. Mtunza bustani aliniona akageuza uso kwa heshima.

Unajua tunachofanya, lakini nitakuandikia tena kwa sababu kuliandika kunanipa raha. Tunachukua vijana wa kidato cha mwisho kutoka shule ambazo wanaofika chuo kikuu huhesabika kwa vidole. Kila Jumamosi wanakuja kusoma nasi, na likizo ya Juni wanalala hapa hapa majuma matatu, wanaingia maabara, wanajifunza kuchagua kozi na kujaza fomu bila kuogopa. Kila mmoja anapewa mwanachuo wa kumshika mkono mpaka siku anayosajiliwa. Mwaka jana walikuwa ishirini na sita. Mwaka huu nimeomba nafasi sitini, na nimezipata.

Shule kumi, kila shule fomu kumi na mbili. Na ya kumi ni yenu. Fomu zitapita mezani kwako, Mama mdogo, uzihesabu na kuzifunga kwenye bahasha kwa mkono wako.

Ila kuna kanuni. Majina yote tunayafunika kwa karatasi kabla ya kusoma, na mwenye ndugu katika shule yoyote hagusi mafaili ya shule hiyo wala hayaulizii. Kanuni hiyo nimeiandika mimi na kuitia saini mimi. Kwa hiyo shule yenu ataishughulikia naibu wangu, mhadhiri wa fizikia, ambaye wanafunzi wanamwita Sitaki maana kila jambo huanza kwa kulikataa. Chiriku mwambie asinipigie simu mpaka uchaguzi upite. Najua atapata homa kwa kunyamaza, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wako mwenye ufunguo,
Mwanao


Ofisi ya Karani, Shule ya Sekondari
21 Februari
Namba 89

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Marahaba. Sijui siku hizi nikuitikie kwa cheo au kwa lile jina ulilokuwa nalo ulipokuwa unakojoa kitandani. Sisi wazima. Goti linajua mvua kabla ya redio. Dari la ofisi linavuja pale pale penye kabati la mahudhurio, nimeweka ndoo, na mwalimu mkuu amesema fundi anakuja, kama alivyosema mwaka juzi.

Hongera, mwanangu. Nimeisoma barua yako kwa sauti ofisini, nikairuka sehemu ya kuruka nyuma ya maktaba, kisha mwalimu wa jiografia akaipokonya na kuisoma yote. Kwa hiyo wanajua. Baba yako mdogo, Mungu amrehemu, angekata mzunguko wa mtaa mzima na baiskeli yake akiwaambia hata wasiouliza.

Fomu zimefika. Mwalimu mkuu alizitangaza mstarini, na toka siku hiyo dirisha langu limekuwa soko. Huyu anauliza kama wino wa bluu unakubalika. Yule anauliza kama aandike kwamba baba yake hajui kusoma au afiche. Nilimwambia aandike, si dhambi, na ukweli ndio unaoandikika kwa urahisi. Kila mmoja anatakiwa kuandika ukurasa mmoja kujieleza, na nimeona watoto wakorofi kabisa wamekaa chini ya ngazi wanatafuna kalamu.

Chiriku anaandika pia. Hataki kunionyesha. Anafunika karatasi kwa mkono kama naibu wako huyo anavyofunika majina. Amekuwa mrefu, utamshangaa. Siku hizi yeye ndiye anayenisomea dozi ya goti, anayejua funguo zilipo, anayeongea na redio wakati mimi nimechoka kuongea. Nyumba inamsikia yeye tu.

Wewe utakuja lini? Nauliza tu. Najua una kazi.

Kula vizuri.
Mama yako mdogo


Chumba 14
22 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo, na unisamehe kuchelewa. Mimi mzima, sauti tu ndiyo imekwisha. Mwambie Chiriku ninamkumbuka na ninaheshimu kimya chake, najua kinavyomgharimu.

Laiti ungekuwepo Jumamosi iliyopita. Kundi la majaribio, vijana thelathini, tuliwaingiza maabara ya fizikia. Sitaki alikuwa amesema hataki, vifaa vitavunjwa, watoto hawatajua pa kushika. Basi binti mmoja, mwembamba, mwenye viatu vya kuazima vinavyomvuka, akamuuliza kwa nini mzani wake unaonyesha uzito wakati juu yake hakuna kitu. Sitaki akainama kuutazama mzani, na wote thelathini wakainama naye. Walikaa pale saa nzima na nusu kutafuta kosa, mpaka wakagundua meza yenyewe imeinama, ameitumia hivyo miaka sita. Chai ilipoa. Walipotoka, Sitaki alinifuata ukumbini akaniambia, "Jumamosi ijayo waletwe mapema." Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka cheo.

Hivi ndivyo siku zangu zinavyokwenda. Naamka nikiwa na furaha ya kipumbavu. Nina orodha mfukoni, nyingine mkononi, ya tatu nimeisahau kwenye sahani ya chakula. Juzi mwanachuo aliyepitia mpango huu mwaka juzi alikuja kujitolea kushika mkono wengine, na nikamwonyesha kiti alichokalia yeye siku ya kwanza akilia kwamba amekosea jengo. Alikikalia tena, akacheka. Mama mdogo, kazi kama hii watu wanalipwa?

Maboksi ya fomu yameanza kufika. La shule yenu limekuja limefungwa uzi kwa fundo lile lako. Sijaligusa. Sitaki ndiye aliyelifungua, akapita chumbani kwangu anacheka. Akasema, "Karani wa shule ile hajui kuhesabu. Tano, sita, halafu nane." Bahasha kumi na moja, ya mwisho namba kumi na mbili.

Nilimwambia tu kwamba kufunga maboksi ni tarehe thelathini Aprili, saa nne asubuhi, kwa shule zote.

Kuhusu dari, mwambieni fundi aanze na vigae vya upande wa lango, ndipo palipokuwa panavuja hata wakati wangu.

Mwanao


Ofisi ya Karani
9 Aprili
Namba 90

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Fundi amekuja. Amepanda juu, ameshuka, amesema vigae vya upande wa lango, kama ulivyosema, akaondoka kutafuta vigae. Ndoo bado ipo.

Nimecheka sana habari ya mzani. Nilimsomea Chiriku akacheka mpaka akakohoa, halafu akaanza kueleza kosa lingepatikanaje kwa dakika mbili tu, akachukua sahani na vijiko kunionyesha. Huyu mtoto na hesabu. Ameanza kwenda posta kila akitoka shule, kuulizia kama kuna barua kutoka chuoni. Mama wa posta amenilalamikia. Amekwishachagua shati la kusafiria, ameling'arisha na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila ninapofunga mlango linanipiga usoni.

Kuhusu kuhesabu, mwambie naibu wako kwamba miwani yangu imechoka.

Jana tulikwenda kusafisha kaburi la baba yako mdogo. Miaka minne sasa. Majani yalikuwa yamepanda, tukayang'oa sisi wawili. Nilikumbuka ulivyokuja siku zile. Ulikaa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilikuandalia chai, nikagonga mlango, nikakuta umekwishatandika kitanda vizuri kabisa na kwenda kuwahi basi. Sisemi kwa ubaya. Ulikuwa na mitihani, nami ndiye niliyekufundisha kutandika kitanda. Nasema tu kwamba chai ile niliinywa mimi.

Wanaokwenda huko hurudi wageni. Wanapiga hodi kwao.

Mama yako mdogo


Chumba 14
16 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Leo sina habari za Jumamosi.

Mitihani ilikuwa juma lililofuata. Ningeweza kukaa siku tano zaidi. Sikukaa kwa sababu usiku wa pili nilikusikia unaongea na Chiriku jikoni, ukimwambia alale, na sauti yako ilikuwa ndogo kuliko yake. Nikajua kwamba nikiiona asubuhi ya tatu, sirudi chuoni. Nitabaki kukushikia nyumba, nawe utanikubalia huku ukinuna, na miaka ikipita kila mmoja wetu atamlaumu mwenzake kimya kimya. Basi nikatandika kitanda nikakimbia. Halafu aibu ikanizuia kurudi. Likizo moja ikapita, nikaona haya zaidi, ikapita ya pili. Ndiyo hivyo. Hapakuwa na kazi nyingi kiasi hicho. Nisamehe.

Kuna bahasha siwezi kuiulizia. Kanuni ni yangu, na nikiivunja kwa ajili ya damu yangu, yule binti wa viatu vya kuazima atakuwa amekuja bure, maana yeye hana dada chuoni. Kwa hiyo siulizi. Nakwambia tu jambo ninalolijua: hujawahi kukosea namba. Ulihesabu vifungo vya sare yangu kabla ya kuivaa. Ulihesabu ngazi za shule ile, thelathini na moja, ukaniambia nikifika ya mwisho nivute pumzi. Miwani ichoke vipi, wewe huwezi kutoka sita ukaenda nane bila kujua umekanyaga nini.

Tarehe thelathini, saa nne asubuhi. Posta haitawahi.

Mwanao


Nyumbani
28 Aprili
Namba 91
Kwa mkono wa Chiriku

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na hii huitoi posta. Aliyeileta amesimama mbele yako, na kama namjua, ameanza kuongea kabla hujafungua.

Mficha uchi hazai, basi nasema. Bahasha namba saba ilikuwa kwenye droo yangu, chini ya daftari la mahudhurio. Sikuipoteza. Niliandika namba zote kumi na mbili, nikazipanga mezani, nikafika kwenye ya saba nikaona jina la mwanangu kwa mwandiko wake, na mkono wangu ukaifungulia droo. Nilijiambia nitaiweka siku moja tu. Ningeweza kuifanya ya nane kuwa ya saba, ya tisa kuwa ya nane, na asingejua mtu, si mwalimu mkuu wala naibu wako. Nilishika hata kifutio. Nikashindwa. Namba ile ilikuwa yake, sikuweza kumpa mtoto mwingine.

Nilimwona akienda posta siku ishirini na tatu. Nazo nilizihesabu.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa wima mbele ya droo. Nilianza na mwalimu mkuu. Alinikaripia kama anavyostahili kukaripia, halafu akagonga muhuri barua ya maelezo ya kuchelewa na kusema wengine wote wangeficha vizuri zaidi. Kisha nikamwambia Chiriku. Hakupiga kelele. Alinyamaza Jumamosi nzima. Tangu ajue kusema sijawahi kuisikia nyumba hii bila yeye ndani yake: nilisikia saa ya ukutani, nilisikia ndoo ya jirani. Nikajua ndivyo itakavyokuwa akiondoka. Jioni nikaona kwamba nimeipitisha siku na sijafa. Ndipo alipokuja kukaa karibu yangu akaniuliza, "Sasa mama, nani atakukumbusha dozi?" Nikamwambia nitaiandika ukutani. Kwa namba, akasema, tukacheka wote.

Bahasha ampe Sitaki. Wewe usiiguse.

Ya kwako ni hii ndogo iliyobandikwa nyuma. Usiidai tena posta, posta haina kosa. Niliiandika siku ile ile ulipoondoka kwenda chuo, nikavaa viatu niipeleke, nikarudi kutoka langoni. Nikaandika nyingine ya kukwambia usome kwa bidii, na kwa kuwa namba moja ilikuwa na mwenyewe, ile nikaipa namba mbili. Safari ile nilificha barua ili wewe uende. Safari hii nikaficha bahasha ili mdogo wako asiende. Ya kwanza ndiyo niliyopatia.

Mama yako mdogo


Nyumbani
Namba 1

Mwanangu,

Basi lako halijafika hata mto, nami nimekwishaandika. Rudi. Nimetenga chakula nikaweka sahani nne. Baba yako mdogo akaitazama ya nne akasema iache hapo hapo. Chiriku amekalia kiti chako na hataki kushuka. Watu watasema umeshindwa, waseme. Mimi nitawaambia nimekukataza. Rudi hata kesho.

Mama


Chumba 14
9 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na la kukwambia, na sasa ninayo mengi hata sijui nianzie wapi.

Chiriku alifika saa nne kasoro dakika tatu, shati limepigwa pasi, anaongea. Nilimwelekeza mlango wa Sitaki bila kumsalimia hata kwa mkono, jambo ambalo bado linaniuma. Sitaki alisema hataki, boksi limekwisha kufungwa. Akamwonyesha saa ya ukutani, naye Chiriku akamwonyesha kwamba saa hiyo inakwenda mbele dakika nne ukilinganisha na ile ya lango. Walitoka wote wawili kwenda kuhakikisha. Aliporudi, Sitaki akaiweka bahasha kati ya sita na nane, akaikandamiza kwa kiganja, akaniambia, "Kumbe karani anajua kuhesabu."

Jumatano tukasoma. Mia na ishirini, majina yamefunikwa. Ilipofika zamu ya shule yenu nilitoka nje nikakaa ngazini na mtunza bustani. Lakini dirisha la chumba kile halifungi vizuri, na Sitaki hajui kusoma kwa sauti ndogo. Nilisikia mstari mmoja kabla sijakimbia: "Mama yangu huhesabu kila kitu, si kwa ubahili, bali kwa sababu kilichohesabiwa hakiwezi kuondoka bila mtu kujua. Nataka kusoma hisabati nijue amepata wapi wazo hilo." Mtunza bustani aliniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Amepita. Kati ya mia na ishirini ni wa nne. Barua rasmi imo humu, yenye muhuri, mpe yeye aifungue mwenyewe. Na mwambie kwamba yule binti wa viatu vya kuazima ni wa pili, watalala chumba kimoja, ajitayarishe kubishana.

Huyu naye nitamchukua, Mama mdogo. Siwezi kukudanganya kwamba nyumba haitanyamaza. Lakini kanuni mpya nimeiandika jana na Mkuu wa Kitivo ameipitisha: kila mwanafunzi wa mpango anapelekwa kwao mwisho wa kila mwezi, na kiongozi wa mpango anaandamana na basi la upande mmoja. Upande nimeuchagua mimi.

Sikuwahi kuandika namba kwenye barua zangu, na sijui nimekwishakuandikia ngapi. Leo naanza, maana leo ndiyo kwanza nakujibu ile ya kwanza.

Namba 1

Mama,

Nimeipata barua yako. Narudi Jumamosi tarehe kumi na sita, kwa basi la asubuhi, na nitakaa majuma mawili mpaka nimchukue Chiriku. Sitapiga hodi. Weka sahani tatu.

Mwanao